Miezi Minne Iliyotosha: Safari ya Uchumba ya Mtakatifu Gianna na Pietro Molla



 Safari hii tunaongea habari ambayo najua wengi mnaipenda, yaani habari ya wawili waliopendana. Ila sitakuletea hadithi ya tamthilia. Nakuletea watu halisi, waliokuwa na kazi, ndugu, aibu zao na mipango yao iliyovunjika. Mmoja wao leo ni mtakatifu wa Kanisa, na mwenzake aliishi hadi kumwona akitangazwa.

Kwanza nikuambie kwa nini nimewachagua hawa.

Siku moja baada ya mkutano wa vijana, dada mmoja alibaki nyuma wakati wenzake wanatoka. Huyu dada alikuwa kwenye malezi ya utawa kwa miaka kadhaa, akarudi nyumbani kwa sababu ya afya. Hakufukuzwa, wala hakufanya kosa lolote. Mwili tu ulikataa. Akaniambia, "Kaka, nikipita kanisani naona watu wananiangalia. Shangazi zangu wanasema umri unakwenda, niolewe. Mimi najiuliza swali moja tu: kama Mungu hakunitaka kule, basi miaka yote ile nilikuwa najidanganya?"

Nikakosa la kumjibu. Nikamwambia tuombe, tukaomba, akaenda zake. Lakini swali lake likabaki kwangu, na nilipokuja kusoma maisha ya Mtakatifu Gianna Beretta Molla nikaona kumbe kuna mtu alishalipitia swali hilohilo. Basi, fuatana nami taratibu.

Gianna kabla ya Pietro

Gianna Beretta alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1922 huko Magenta, mji mdogo ulio magharibi ya Milano, kaskazini mwa Italia. Alikuwa mtoto wa kumi kati ya watoto kumi na watatu. Tarehe 4 Oktoba, kama unavyojua, ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na wazazi wake walikuwa Wafransisko wa Utawa wa Tatu. Nyumba ile ilikuwa ya Misa, rozari na kazi. Watoto watatu wa familia hiyo waliitikia wito wa kitawa na upadre: Padre Alberto, ambaye alikuwa Mkapuchini na pia daktari, Padre Giuseppe, padre wa jimbo, na Sista Virginia wa shirika la masista wa Kanosa.

Akiwa na miaka 15, Gianna alihudhuria mafungo. Akachukua daftari akaandika maazimio yake na sala zake. Daftari hilo lipo hadi leo. Wewe fikiria, msichana wa miaka 15! Wengi wetu tukitoka mafungo tunakumbuka chakula na picha tulizopiga.

Mwaka 1942 alifiwa na mama, na miezi michache baadaye akafiwa na baba. Alikuwa hajatimiza hata miaka 20. Hata hivyo hakusimama. Alisoma udaktari, akahitimu Chuo Kikuu cha Pavia mwaka 1949. Mwaka 1950 akafungua kliniki katika kijiji cha Mesero, karibu na Magenta, na mwaka 1952 akawa daktari bingwa wa watoto. Wakati huohuo alikuwa kiongozi wa wasichana katika chama cha Utendaji wa Kikatoliki, na alishiriki huduma za Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akiwatembelea maskini na wazee.

Usije ukamdhania mtu wa kukunja uso. Alipenda kupanda milima, kuteleza kwenye theluji, kucheza piano, kuchora, na kuvaa nguo nzuri. Alikuwa mchangamfu. Nalisema hili makusudi kwa sababu kuna vijana wanafikiri ukishika dini lazima uonekane umetoka msibani.

Sasa sikia jambo lenyewe. Kaka yake, Padre Alberto, alikuwa mmisionari Grajaú, kaskazini mwa Brazili, akihangaika kujenga hospitali kwa ajili ya watu waliokuwa hawana daktari. Gianna akawaka moto wa kwenda huko. Wazo lake lilikuwa wazi: awe mmisionari mlei, atibu akina mama na watoto wa kule, maisha yake yote. Aliliombea na kulipanga jambo hilo kwa miaka.

Halikuwezekana. Afya yake haikuwa imara, na hali ya hewa ya joto kali la Brazili ingemuumiza. Waliomwongoza kiroho walimshauri aachane na mpango huo. Gianna akabaki na kliniki yake ya Mesero, umri umeshavuka miaka 30, na ndoto yake imekataliwa.

Unaona sasa kwa nini nilimkumbuka yule dada?

Pietro kabla ya Gianna

Pietro Molla alizaliwa Mesero tarehe 1 Julai 1912. Alimzidi Gianna miaka kumi. Alikuwa mhandisi, na alipanda ngazi hadi kuwa mmoja wa wakurugenzi wa kiwanda kikubwa cha viberiti cha SAFFA, pale Ponte Nuovo di Magenta. Watu wengi wa eneo lile waliishi kwa mishahara ya kiwanda hicho.

Pietro alikuwa mtu wa kazi, mkimya na mwenye haya. Naye alikuwa mwanachama wa Utendaji wa Kikatoliki. Alifika miaka 42 hajaoa. Kwetu hapa mwanaume wa umri huo angeshaitwa vikao vya ukoo mara ngapi? Wangemsema, "Huyu ana nini?" Lakini Pietro hakuwa amekata tamaa ya ndoa, wala hakuwa anarukaruka huku na huku. Alikuwa anaomba. Kanisa la Ponte Nuovo limewekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria, Mama wa Shauri Jema, na Pietro alikuwa akimwomba Mama huyo ampatie mke ambaye angekuwa mama mwema na mtakatifu kwa watoto wake.

Hebu irudie hiyo sala polepole. Hakuomba mke mzuri wa sura, ingawa uzuri si dhambi. Hakuomba mke mwenye ajira. Aliomba mama wa watoto ambao walikuwa hawajazaliwa. Mwanaume anayeomba hivyo ameshaanza kuwa baba.

Walifahamiana bila kufahamiana

Mara ya kwanza Gianna na Pietro hawakukutana kwa mapenzi. Mwaka 1949 walionana katika kliniki ya Ferdinando, kaka yake Gianna, ambaye naye alikuwa daktari. Walisalimiana kama watu wanavyosalimiana kwa daktari, basi.

Mwaka 1950 wakaonana tena hospitalini Magenta, safari hii kwa uchungu. Mdogo wake Pietro, Teresina, alikuwa mahututi, na Dokta Gianna alikuwa miongoni mwa waliomhudumia. Teresina akafariki angali msichana.

Kisha ikapita miaka. Gianna alikuwa anafanya kazi Mesero, kijijini kwao Pietro. Pietro alijua kuna daktari mwanamke anayewatibu watu wa kijiji chake. Gianna alijua kuna mhandisi Molla kiwandani. Kila mmoja na shughuli zake. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba mwenzi wake yuko umbali wa kilomita chache, akisali sala zake.

Mwaka 1954 ulikuwa Mwaka wa Bikira Maria. Papa Pius XII aliutangaza kuadhimisha miaka 100 tangu Kanisa litangaze fundisho la Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Mwaka huo Gianna alikwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa. Alikuwa na swali la wito, akalipeleka kwa Mama.

Tarehe 8 Desemba 1954

Siku ya sherehe ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, padre mpya Mkapuchini, mtoto wa Mesero, aliadhimisha Misa yake ya kwanza kijijini kwao. Ninyi mnazijua sherehe hizi: ndugu, majirani, chakula, vifijo. Gianna alialikwa. Pietro naye alialikwa.

Siku hiyo ndipo walipokaa na kuongea kwelikweli. Baadaye Pietro aliihesabu siku hiyo kama zawadi ya Bikira Maria. Hakuna radi iliyopiga. Wawili walikutana kwenye sherehe ya upadre wa mtu mwingine, wakaona kwamba wanaelewana.

Tarehe 31 Desemba Pietro alimwalika Gianna kwenda La Scala, lile jumba mashuhuri la muziki na maonyesho jijini Milano. Baadaye wakaupokea mwaka mpya pamoja na familia ya akina Gianna, nyumbani Magenta. Tazama: matembezi yao ya mwanzo tu yameishia sebuleni kwa ndugu. Hakukuwa na kujificha.

Barua za Februari

Mwezi Februari 1955 Pietro alimfungulia Gianna moyo wake: anataka wajenge familia pamoja. Na Gianna, tarehe 21 Februari, akamwandikia barua yake ya kwanza.

Barua za Gianna kwa Pietro zimehifadhiwa na zimechapishwa, kwa hiyo tunajua walichoambiana. Katika ile ya kwanza Gianna hazunguki. Anamwambia kwamba anataka kumfurahisha na kuwa mke wa aina anayoitamani, mwenye wema, mwelewa, na aliye tayari kwa sadaka ambazo maisha yatadai. Anamkumbuka marehemu wazazi wake na upweke wa kuwakosa. Na anakiri kwamba sasa anampenda na ana nia ya kujitoa kwake ili waunde familia ya Kikristo kweli.

Kuna mtu atasema, "Mwanamke anaandika hivyo? Si atajishusha thamani?" Hapana. Pietro alikuwa ameshaongea. Alipoongea, Gianna hakumwacha wiki tatu anasubiri jibu ili aonekane wa gharama. Siku hizi tuna mchezo wa kusoma meseji na kunyamaza makusudi, eti mwenzako ateseke kidogo akutamani zaidi. Gianna hakuucheza mchezo huo. Alijua anachotaka, kwa sababu alikuwa amekiombea, akakisema kwa heshima.

Barua ziliendelea. Wanaandika kuhusu Mungu, kuhusu kazi, kuhusu watoto wanaotarajia, na kuhusu mambo madogomadogo ya nyumba. Pietro, yule mkimya, taratibu akaanza kufunguka. Yeye mwenyewe alikuja kushuhudia kwamba Gianna alimfundisha kuifurahia imani na maisha kwa pamoja: mlima, muziki, watu, na Misa.

Jumatatu ya Pasaka

Tarehe 11 Aprili 1955, Jumatatu ya Pasaka, walifanya uchumba wao rasmi. Walianzia kanisani. Padre Giuseppe, kaka yake Gianna, aliadhimisha Misa katika kikanisa cha masista wa Kanosa pale Magenta, na wachumba wakashiriki na familia zao.

Hesabu mwenyewe. Kutoka tarehe 8 Desemba hadi tarehe 11 Aprili ni miezi minne na siku tatu.

Ndoa ikafungwa tarehe 24 Septemba mwaka huohuo, katika Basilika la Mtakatifu Martino, Magenta, na aliyewabariki ni yuleyule Padre Giuseppe. Na siku tatu kabla ya harusi, wakati ambapo sisi tungekuwa tunagombana na kamati kuhusu ukumbi na MC, Gianna alimwomba Pietro wafanye matayarisho ya kiroho: siku tatu za Misa na Komunyo, kila mmoja katika kanisa la kwake, mpaka wakutane altareni.

Maisha yao ya ndoa ni somo la siku nyingine, ila kwa kifupi: walipata watoto wanne. Katika ujauzito wa mwisho Gianna aligundulika na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Akasisitiza kwamba uhai wa mtoto aliye tumboni uokolewe. Mtoto alizaliwa tarehe 21 Aprili 1962, na mama akafariki tarehe 28 Aprili, akiwa na miaka 39. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 16 Mei 2004. Pietro, mzee wa miaka 91, alikuwepo.

Sasa tunajifunza nini?

1. Miezi minne haikuwa miezi minne.

Najua kuna kijana hapo ameshafurahi: "Umeona? Hata mtakatifu hakuchelewa! Ngoja nimwambie nilivyokutana naye mwezi uliopita." Subiri kwanza, rafiki yangu.

Katika waraka wa Familiaris Consortio wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II anafundisha kwamba maandalizi ya ndoa yana hatua tatu. Kuna maandalizi ya mbali, ambayo huanza utotoni, katika familia. Kuna maandalizi ya karibu, pale kijana anapofundishwa maana ya ndoa na wajibu wake. Na kuna maandalizi ya mwisho, ya miezi na wiki za kabla ya ndoa.

Sisi mara nyingi tunaijua ile ya tatu tu: mafundisho ya ndoa parokiani, matangazo ya Jumapili tatu, cheti cha ubatizo, basi. Gianna na Pietro walipokaa pamoja tarehe 8 Desemba, hatua mbili za kwanza zilikuwa zimeshafanyika. Yule msichana wa daftari la maazimio alikuwa na miaka 17 ya kuyaishi. Yule mwanaume wa Mama wa Shauri Jema alikuwa ameshaomba sana. Tena walikuwa watu wa eneo moja, familia zinajulikana, kazi zao zinaonekana, sifa zao hazihitaji mpelelezi.

Kwa hiyo swali si "tumekaa pamoja muda gani?" tu. Swali ni "kila mmoja wetu amekuja na nini?" Wawili wanaweza kuwa wachumba miaka sita na bado wakawa hawajajiandaa hata wiki moja.

2. Kukataliwa mpango si kukataliwa na Mungu.

Hapa ndipo narudi kwa yule dada yetu. Gianna hakujidanganya alipotamani Brazili. Tamaa ile ya kujitoa ilikuwa ya kweli, na Mungu hakuitupa. Aliichukua akaipeleka mahali pengine. Yale mapendo ambayo angewapa watoto wa Grajaú aliwapa watoto wa Mesero kliniki, kisha akampa Pietro, kisha akawapa wanawe. Alipofika kwenye ule ujauzito wa mwisho, tayari alikuwa na mazoea ya kujitoa.

Kwa hiyo kama ulitoka seminari, ulitoka utawani, uchumba wako ulivunjika, au ulisubiri mtu akaoa mwingine, usiseme miaka hiyo imepotea. Ulichojifunza pale kuhusu sala, utii na kupenda ni mali yako. Na wala usikimbilie ndoa ili kuziba aibu. Gianna hakuolewa kwa hasira ya kukosa Brazili. Alikwenda kwanza Lourdes kuuliza.

3. Ndoa ni wito, haiji kama pole.

Kuna fikra potofu kati yetu kwamba wito ni upadre na utawa, halafu sisi "tuliobaki" tunaoa na kuolewa. Katekisimu inaiweka Ndoa pamoja na Daraja kama sakramenti mbili za kuwatumikia wengine katika ushirika. Gianna aliiingia ndoa kwa ari ileile ambayo angeingia nayo misioni. Ukiiona ndoa kama wito, utaacha kuuliza "nani atanifurahisha?" na utaanza kuuliza "nani nitaweza kumtumikia hadi kufa, na tutamfikia Mungu pamoja?"

4. Sema ukweli, sema mapema.

Pietro alitamka nia yake. Gianna alijibu. Hakuna aliyebaki kwenye giza la "sisi ni marafiki tu, lakini usiongee na mwingine." Kaka yangu, kama huna nia na binti wa watu, usimpotezee miaka. Dada yangu, kama moyo wako haupo, usimweke mtu akiba. Ukweli unauma siku moja. Kuzungushwa kunauma miaka.

5. Wapeni ndugu na Kanisa nafasi.

Mwaka mpya waliupokea na familia. Uchumba waliuanza kwa Misa. Sisi nasi tuna njia zetu nzuri: mshenga, barua ya posa, wazee kukaa na kuongea, jumuiya kuwafahamu. Msizidharau. Mtu anayekataa kata kata kukupeleka kwao, jiulize anaficha nini. Na mkishakubaliana, mwendeeni padre. Kanisa lina ibada ya kuwabariki wachumba, ingawa wengi hatuiombi kwa sababu hatuijui.

Ila kumbukeni jambo moja. Uchumba si ndoa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1062, inasema wazi kwamba ahadi ya kuoana haimpi mtu haki ya kumlazimisha mwenzake wafunge ndoa. Maana yake uchumba ni muda wa kupambanua, na katika kupambanua kuna uwezekano wa kusema hapana. Kama mmeona kwamba haiwezekani, kuachana kwa heshima kabla ya altare si fedheha. Fedheha ni kwenda altareni mkiwa mnajua hamkubaliani, kwa sababu kadi za mchango zimeshasambazwa.

Na ndiyo maana pia Katekisimu, namba 2350, inawataka wachumba waishi usafi wa moyo kwa kujizuia. Nasema hili bila kumhukumu mtu. Mwili ukishatangulia, macho huziba. Hata kasoro kubwa ya mwenzako unaiona ndogo, na ile hapana unashindwa kuisema. Kama mmeshaanguka, kitubio kipo, padre hajaenda likizo. Anzeni upya leo.

Maswali ya kutafakari

Chukua daftari kama Gianna, ujibu taratibu mbele ya Mungu:

1. Je, namwombea mwenzi wangu wa baadaye, au namsaka tu?
2. Ni mpango gani ulivunjika katika maisha yangu ambao bado nauona kama adhabu? Mungu ameniachia nini ndani yake?
3. Kama niko kwenye uhusiano sasa: je, wazazi wangu au walezi wangu wanajua? Padre wangu anajua? Kama hapana, kwa nini?
4. Kuna mtu ninamweka njia panda kwa kutosema ukweli?
5. Wiki hii nitafanya jambo gani moja la maandalizi ya mbali, hata kama sina mchumba?

Kwa kumalizia

Yule dada nilimtafuta tena. Nikamsimulia habari za Gianna, za Brazili na za Lourdes. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mimi nitaolewa?" Tukacheka wote. Nikamwambia sijui, na shangazi zako nao hawajui. Lakini nikamwambia kwamba ile miaka ya malezi ilikuwa ya Mungu, na Mungu hajairudisha dukani. Sasa hivi anafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza parokiani kwake. Watoto wanamgombania. Ameniambia swali lake la zamani siku hizi halimsumbui usiku.

Wewe unayesoma hapa nawe una swali lako. Lipeleke kwa Mama wa Shauri Jema, kama Pietro. Halafu endelea na kazi, endelea na Misa, nenda hata kwenye sherehe ya upadre wa mtu mwingine. Huwezi kujua nani amealikwa.

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyeibariki arusi ya Kana kwa kuwepo kwako, utazame sisi vijana wako. Wale wanaosubiri, wape uvumilivu bila uchungu. Wale ambao mipango yao imevunjika, waonyeshe kwamba hukuwaacha. Wale walio katika uchumba, wape ukweli mdomoni, usafi moyoni, na ujasiri wa kusema ndiyo au hapana mbele yako. Utujalie kumpokea yule uliyetuandalia, au maisha uliyotuandalia, kwa furaha ileile aliyokuwa nayo mtumishi wako Gianna. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Mama wa Shauri Jema, utuombee.

Mtakatifu Gianna Beretta Molla, utuombee.